Bangili ya Mama Kwenye Meno ya Eto

Mwaka ule tulikula maharage yasiyo na chumvi, yaliyochemshwa kwenye sufuria isiyo na mfuniko. Chumvi waliizuia wakubwa wa nchi za jirani, walipofunga mipaka kwa sababu ya vita vyetu. Mfuniko niliukata mimi mwenyewe, kwa msumeno wa chuma, mchana kweupe, watoto wangu wakinitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Sijutii. Maharage yaliiva vilevile. Nilikuwa nayafunika kwa jani la mgomba, na ile harufu ya jani ndiyo tukaifanya chumvi.

Wajukuu wakiniuliza habari za vita wanangoja niwatajie bunduki. Bunduki zilikuwepo, nilizisikia, na sizisimulii. Mimi nawasimulia eto.

Eto ni ile koleo kubwa ya chuma inayofungwa kwa bolti kwenye meza ya fundi. Watanzania wanaiita jiliwa. Unazungusha mkono wake, midomo miwili inakutana na kukamata kitu kisitikisike, ukikate, ukitoboe, ukipige tupa. Midomo hiyo ina meno. Meno yanashika vizuri, lakini yanauma. Chuma kilicholainishwa ukikitia humo kinatoka na alama kama mkate ulioumwa na mtoto. Ndiyo maana fundi mwenye akili anaivalisha midomo ya eto vipande vya kitu laini. Waliosoma shule ya ufundi wanaviita mordashi. Baba yangu, mhunzi wa Muyinga, aliviita nguo za eto, na akiona mtu anakaza kitu kizuri kwenye meno matupu alikuwa anapiga kelele: "Ivalishe! Iko uchi hiyo!"

Mimi nilikulia kwenye karakana hiyo. Shule niliiacha darasa la pili, nikijua kuandika jina langu na la baba, na hayo yalinitosha kutia alama kwenye majembe ya watu. Nikaolewa Gitega, mtaa wa Waswahili, kwa fundi wa makufuli, mabirika na baiskeli. Miaka mingi kazi yetu ilikuwa hivi: yeye anapiga, mimi nakaza. Yeye anasifiwa, mimi nafagia vumbi la chuma. Lakini macho yangu hayakuwa yanafagia.

Bwana wangu alikwenda Kigoma kutafuta gololi na spoki za baiskeli. Asubuhi ya kuondoka alinipa ufunguo wa karakana, akasema, "Linda eto, nakuja baada ya wiki mbili." Mipaka ikafungwa nyuma yake. Wiki mbili zikawa mwezi, miezi ikawa msimu wa mvua na mwingine. Salamu zilifika kwa midomo ya watu: mzima, anakula samaki, anawasalimu. Anakula samaki! Sisi huku tunakula jani la mgomba.

Nikafungua karakana. Watu wa mtaa walicheka wiki ya kwanza. Wiki ya pili makufuli yao yakaharibika, wakaacha kucheka.

Mtu mmoja tu hakuacha maneno, shemeji yangu, mdogo wake bwana. Alikuwa na kibanda sokoni na mikono yenye nguvu ya ng'ombe. Ukimpa birika azibe tundu, linarudi kichujio. Alitaka eto ihamie kwenye kibanda chake. Alikuja kila Ijumaa baada ya sala, ameoga, anasema kwa upole wa mtu anayemwongelesha mgonjwa. Halafu Ijumaa moja akaja na toroli na wanaume wawili wa kubeba.

"Shemeji," akasema, "nisikilize. Eto si jiwe la kusagia. Ni kazi ya wanaume. Kaka akirudi akute mali yake iko inafanya kazi ya kweli. Nipe ufunguo."

Nilikuwa nimeshika tupa. Sikuinuka.

"Ufunguo sitoi," nikamwambia. "Lete kazi, si maneno."

Wale wanaume wawili wakaangalia chini kuficha meno yao. Shemeji akavuta pumzi aanze upya, na hapohapo mlangoni akatokea mama mmoja wa Uvira, Mkongomani, aliyekuwa anashona nguo kule Musinzira. Alikuja mbio, jasho linamtiririka, ameshika kitu kilichofungwa kwenye kitambaa kama mtoto mchanga.

"Mama wee, niokoe," akasema. "Mashini yangu imekufa. Na mi sina ingine."

Akafungua kitambaa. Ilikuwa fimbo ya sindano, ile fimbo nyembamba ya cherehani inayopanda na kushuka imebeba sindano chini yake. Skurubu ndogo inayobana sindano ilikuwa imekatikia ndani ya tundu lake. Kichwa kimetoka, mwili umebaki. Bila kuitoa, hakuna sindano. Na fimbo nyingine haikuwepo Gitega nzima wala Bujumbura, maana vipuri vilikuwa ng'ambo ya mpaka, pamoja na chumvi na bwana wangu.

"Idi iko siku tisa," akasema. "Kanzu za nusu ya mtaa wenu ziko mezani kwangu, zimekatwa. Mi Mkristo, ndiyo, lakini Idi yenu ndiyo inalisha watoto yangu."

Shemeji akanyoosha mkono. "Leta hapa. Dakika tano."

Yule mama akairudisha fimbo kifuani. "We? Si we uliyeua mashini ya yule fundi wa Giheta? Ulikaza fimbo kwenye koleo yako ya mkono, ikatoka na meno, haikuingia tena. Yule baba leo anauza mihogo!"

Wanaume wa toroli safari hii hawakuficha. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Ni kweli alichosema. Fimbo ile inateleza ndani ya matundu mawili yaliyobana sawasawa. Mkwaruzo mmoja tu, mdogo kama unywele, na inakwama. Kuitoboa skurubu lazima uikaze fimbo sana isizunguke. Ukiikaza sana, eto inaiuma. Ndiyo ugumu wenyewe, hakuna mwingine.

Shemeji alikuwa ameona haya, na mtu aliyeona haya anapenda mashahidi. Akasema kwa sauti: "Bon. Shemeji yangu huyu ataifanya. Ikitoka bila mkwaruzo, sisemi tena habari za eto mpaka kaka arudi. Ikiharibika, toroli hii hii inabeba eto kesho yake. Mmesikia wote?"

"Tumesikia," nikasema. "Sasa toa toroli mlangoni, inanizibia wateja."

Nilisema kwa kiburi. Lakini nguo za eto alizokuwa akitumia bwana wangu zilikuwa vipande vya risasi, ile risasi laini ya betri za magari, na alikuwa ameviyeyusha kuziba mabirika kabla hajasafiri. Eto yangu ilikuwa uchi.

Siku ile sikuigusa fimbo ya yule mama. Nilitafuta kitu cha kufanyia majaribio, kilichonyooka na kuteleza kama yenyewe, nikapata sindano yangu ya kufumia sweta. Kwanza niliivalisha eto mpira wa tairi. Mpira haukuuma, ila sindano ilizunguka humo kama mlevi anayetafuta kitanda. Ubao wa mkaratusi ukapasuka. Ndipo jicho langu likaangukia sufuria ya maharage, na mfuniko wake.

Sufuria zetu zilikuwa zinatengenezwa mtaani. Mafundi wanakusanya vyuma vyeupe vya injini zilizokufa, wanaviyeyusha, wanavimimina kwenye mchanga. Nikajiambia, chuma cheupe ni laini, kila mtu anajua. Nikakata mfuniko. Nilijaribu kukunja masikio ya vile vipande yashike kwenye midomo ya eto, yakavunjika kama biskuti. Hilo peke yake lilitosha kuniambia, lakini sikusikia. Nikavifunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli, nikakaza sindano, nikapiga keekee, ile ya kutobolea kwa mkono, mpaka mkono ukauma. Haikuzunguka hata kidogo. Nikaanza kuimba.

Nikaifungua. Sindano ilikuwa na mistari mitatu, kama paka amepita. Nikakaa kwenye kigoda nikaitazama mistari ile, na maharage yanachemka wazi, mvuke unapanda darini.

Siku ya tatu asubuhi nikafunga karakana, nikafunga ufunguo kwenye pindo la kitenge, nikaenda Muyinga kwa baba. Fimbo nilimwachia mwenyewe. Nikamwambia ailalie.

Siku hizo magari ya kupita Karuzi yalikuwa yanangojana mpaka yawe mengi, askari mbele, askari nyuma. Mama yeyote mwenye akili angebaki nyumbani. Mimi niliona bora barabara kuliko kuitazama toroli ya shemeji inaondoka na eto. Tulifika salama, na njiani nilikula kiazi kitamu cha jirani yangu, ndiyo yote ninayokumbuka.

Baba alikuwa amezeeka, macho yamefifia, lakini vidole vilikuwa vilevile. Nilimsalimia, hata sijamaliza kuuliza afya, akasema: "Umekuja na chuma. Nasikia mfukoni."

Nikampa sindano ya kufumia na kipande cha mfuniko. Hakutazama. Sindano aliipitisha polepole kwenye mdomo wake wa chini. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya karakana yetu. Kidole cha mhunzi kimekuwa gome, hakisikii kitu, mdomo haudanganyiki. Akasimama mahali pa mkwaruzo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha akapitisha kile kipande cha mfuniko, akatema.

"Hii ni sufuria."

"Ni mfuniko, baba."

"Ni mchanga! Wanamimina kwenye mchanga, mchanga unabaki humo ndani. Umevalisha eto kanzu ya msasa. Nani alikufundisha hivyo, mwanangu? Mi nilikufundisha hivyo?"

Nilikuwa mama wa watoto watano, na nilisimama pale kama siku niliyovunja chungu cha maji.

"Shaba," akasema baba. "Shaba njo inatakiwa. Inashika, haiumi. Lakini shaba mi sina tena. Zote zimeenda Tanzania kwa baiskeli, zimerudi chumvi."

Mama alikuwa uani anachambua mchele wa kupewa, huku anasikiliza kila neno. Akainuka, akaja, akanyoosha mkono wa kushoto. Alikuwa na bangili ya shaba nene kama kidole, ameivaa tangu mimi sijazaliwa.

"Hii je?"

"Hiyo nilikutengenezea mimi siku ya harusi!" baba akasema.

"Ndiyo maana inabana," mama akajibu. "Toeni."

Haikutoka. Sabuni ilikuwa ya kutafutwa kama dhahabu, mafuta ya mawese hakuna. Tukampaka maganda ya ndizi mbivu, mimi navuta, baba anamshika mabega, mama anatutukana wote wawili na anacheka. Majirani wakaja wakidhani kuna ugomvi. Ilipochomoka tuliangukiana. Mkono ulibaki na mviringo mweupe, mama akautazama, akausugua kidogo, akasema, "Kumbe nilikuwa mweupe." Akarudi kwenye mchele wake.

Baba alinikalisha mbele ya moto, yeye akawa anasema tu, mikono ikawa yangu. Niliikata bangili vipande viwili. Nikaipiga nyundo, ikakataa, ikaanza kupasuka ukingoni.

"Imechoka," baba akasema. "Ipashe mpaka iwe nyekundu, uitumbukize kwenye maji."

"Baba, itakuwa ngumu."

"Chuma kitakuwa kigumu. Shaba inafanya kinyume, inalainika. Fanya, usibishane na mtu kipofu."

Nikafanya. Maji yakalia, nikaitoa, nikaipiga, na kweli ilikubali kama unga uliokandwa vizuri. Kila ikianza kukataa tena, naipasha tena. Jioni nilikuwa na vibao viwili vyembamba, kila kimoja upana wa vidole vitatu, na masikio ya kukunjia juu ya midomo ya eto. Baba akanifanya nipige tupa mfereji mdogo katikati ya kila kimoja, fimbo ilale humo, ishikwe pande zote bila kubinywa. Akavipima kwa mdomo. Mara mbili alinirudisha. Mara ya tatu akanyamaza, na kunyamaza kwa baba kulikuwa sifa.

Nilirudi Gitega siku ya tano na vibao vifuani na konzi ya chumvi kwenye leso. Chumvi nilimpa jirani nusu. Vibao sikumwonyesha mtu.

Asubuhi yake karakana ilijaa. Shemeji alikuja na toroli, ameiosha. Mama wa Uvira alikuja na fimbo yake na rozari. Nikaivalisha eto ile shaba, nikagonga masikio yalale sawa. Nikaifuta kwa kitambaa safi, maana chembe moja ya vumbi la chuma ikilala juu ya shaba ni kama hujaivalisha kitu. Nikalaza fimbo kwenye mfereji. Nikakaza.

"Kaza tena," shemeji akasema. "Itazunguka hiyo."

"We kaza mdomo."

Ncha ya keekee nilikuwa nimeitengeneza kwa spoki ya baiskeli. Nikaanza taratibu katikati ya ile skurubu iliyovunjika. Unga wa chuma ulitoka kidogo kidogo, mweusi, nikawa naupuliza. Tundu lilipofika kiasi, nikachomeka ncha ya msumari niliyoipiga tupa pembe nne, nikagonga kidogo, nikazungusha kinyume. Haikwenda. Nikaweka tone la mafuta ya taa, nikangoja, huku mama wa Uvira anahesabu rozari kwa sauti na majirani zangu Waislamu wanaitikia amina bila kujua. Nikazungusha tena. Kitu kikasema tik. Nikadhani msumari umekatika, na ukikatika humo ndani eto imekwenda. Nikainama nikatazama. Ilikuwa skurubu. Ilikuwa inatoka, inazunguka polepole kama konokono anayetoka nyumbani kwake.

Nikafungua eto. Sikuitazama fimbo. Nilimwita shemeji.

"Njoo. Toa mdomo wa chini."

"Nini?"

"Mdomo! Ulitaka mashahidi, we ndiye shahidi."

Akatoa mdomo mbele ya mtaa mzima. Nikapitisha fimbo pale, polepole, kutoka juu mpaka chini, nikaigeuza, nikapitisha tena. Niliona macho yake yanatafuta mkwaruzo. Alisimama hivyo, mdomo umening'inia, mpaka wanaume wake wa toroli wakaanza kugongana mabega.

"Je?" nikamuuliza.

"Laini," akasema.

"Sijasikia."

"Nasema iko laini, shemeji! Laini kabisa!"

Mama wa Uvira alipiga vigelegele, akanibeba juu, na mimi sikuwa mwepesi hata mwaka ule wa njaa. Mchana huohuo tulisikia cherehani yake inaunguruma, maana alituma mtu atuite tukaisikilize. Idi ile mtaa ulivaa kanzu mpya. Mwanangu wa tatu alivaa yenye mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Haraka, yule mama akasema, nami sikumdai urefu.

Shemeji alitimiza neno lake, lazima niseme. Tena alifanya zaidi. Wiki iliyofuata toroli yake ilikuja imebeba cherehani mbili zilizokufa, moja ya yule baba wa Giheta. "Shemeji," akasema akitazama pembeni, "nimeleta kazi." Fimbo ya yule baba niliisugua alama za meno siku mbili nzima, nikaipima kwa mdomo mpaka mdomo ukachubuka. Ikaingia. Akaacha kuuza mihogo.

Mipaka ilipolegea, bwana wangu akarudi. Alikuwa amenenepa. Alishuka na mfuko wa gololi na spoki, na samaki wakavu, na chumvi, kilo nzima, tukaitazama kama sukari. Watoto wakamparamia. Alikula maharage, akasifu, akauliza mfuniko wa sufuria uko wapi, watoto wote wakanielekezea kidole.

Baada ya kula alikwenda karakana. Aliizunguka meza. Alipitisha mkono kwenye eto, akagusa ile shaba, akainama akaiangalia mifereji. Cherehani tatu zilikuwa zinangoja sakafuni, na kufuli la msikiti.

"Hii ni kazi ya baba yako," akasema.

"Ni bangili ya mama. Kazi ni yangu."

Akacheka, akanishika bega. Mtu mwema, sijasema vingine. Akaona amenionea huruma kweli. "Umeteseka sana, mama watoto," akasema. "Umelinda, umemaliza. Sasa mimi nimerudi. Kapumzike jikoni. Nipe ufunguo."

Mkono wake ulikuwa wazi mbele yangu, umepoteza ugumu kwa samaki wa Kigoma. Nilishika pindo la kitenge changu. Ufunguo ulikuwa palepale, umefungwa mafundo mawili.

"Ufunguo sitoi. Lete kazi, si maneno."